Maumivu Yanaposhauri

Kaskazini mwa Pakistan alikuwako mvulana wa miaka 10 aliyejipatia riziki kwa maonyesho ya mitaani. Alijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ya moto, watazamaji wakamtupia fedha. Hapakuwa na kiinimacho. Mwili wake haukuhisi maumivu tangu kuzaliwa. Watafiti wa Cambridge waliotaka kumchunguza hawakumwahi: alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Walichunguza watoto wengine sita wenye hali kama yake, kutoka familia za eneo hilohilo, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kasoro katika jeni moja tu, SCN9A, ambayo bila hiyo neva za maumivu hazipeleki habari. Watoto hao walikuwa na makovu ya midomo na ndimi walizojing'ata wenyewe.

Mtoto wa kawaida akifika ukingoni mwa paa hapigi hesabu ya urefu wala uzito. Ameshaanguka mara nyingi, ameshachubuka magoti, na kitu ndani yake kinamrudisha nyuma kabla hajawaza. Yule mvulana hakuwa na kitu hicho. Kumbukumbu ya maumivu haikuwekwa ndani yetu ili tuwe na historia sahihi ya yaliyotupata. Imewekwa ili itushauri kabla ya hatua ijayo, na mshauri huyu anapenda kusema mapema na kwa nguvu kuliko kusema kwa usahihi. Tukilishika hilo, mengi yanayoshangaza kuhusu kumbukumbu hiyo yanaeleweka, pamoja na madhara yake.

Jambo la kwanza ni kwamba kukumbuka maumivu si kazi moja. Mwaka 1911 daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, aliandika kuhusu mgonjwa wake wa Geneva, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Kila daktari alipoingia chumbani ilimbidi ajitambulishe upya, hata kama alikuwa ametoka dakika chache tu zilizopita. Siku moja Claparède alificha pini kati ya vidole vyake, akampa mkono. Mwanamke alichomwa, akauvuta mkono wake. Baadaye daktari alipomnyooshea mkono tena, mgonjwa, ambaye hakumkumbuka hata kidogo, akakataa kuushika. Alipobanwa aseme sababu, alijibu tu kwamba mtu ana haki ya kuurudisha mkono wake, na kwamba wakati mwingine watu huficha pini mikononi.

Miaka zaidi ya 80 ilipita kabla ya jambo hilo kuthibitishwa kwa vipimo. Mwaka 1995 kundi la Antoine Bechara na Antonio Damasio, huko Iowa nchini Marekani, lilichapisha jaribio la wagonjwa watatu walioonyeshwa picha za rangi mbalimbali, rangi moja ikifuatwa na mlio mkali wa honi ya meli. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ameharibika amigdala, vijisehemu viwili vyenye umbo la lozi vilivyo ndani kabisa ya ubongo, upande wa masikio. Aliweza kueleza bila kusita ni rangi ipi iliyoleta honi, lakini ngozi yake haikutoa hata dalili ya jasho rangi hiyo ilipokuja. Wa pili aliharibika hipokampasi, sehemu jirani inayohifadhi matukio na mahali. Kila rangi ile ilipotokea, viganja vilitoa jasho, na bado hakuweza kusema ni rangi gani. Wa tatu aliharibika sehemu zote mbili, akakosa yote mawili. Kujua kwamba kitu kiliniumiza na kukiogopa kitu hicho ni mambo mawili yanayokaa nyumba mbili.

Uamuzi unaofanywa na nyumba moja bila nyingine ni wa hatari. Anayelionyesha hili vizuri zaidi ni mwanamke wa Marekani anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi S.M., ambaye ugonjwa adimu uliziharibu amigdala zake. Akili yake ni ya kawaida. Anasema anachukia nyoka, lakini alipopelekwa dukani wanakouzwa aliwashika na kutaka kuwagusa hata wale wa hatari. Usiku mmoja bustanini mtu alimwekea kisu shingoni. Aliondoka kwa utulivu, na siku iliyofuata alipita tena palepale. Hakuwa amesahau, na tukio hilo aliwasimulia watafiti waliochapisha habari zake mwaka 2011. Alichokosa ni uzito ambao kumbukumbu hiyo ilipaswa kuuweka miguuni mwake. Hata hivyo si sahihi kuiita amigdala makao ya hofu, kama vitabu vingi vinavyorahisisha. Miaka miwili baadaye mwanamke huyohuyo alivutishwa hewa yenye kaboni dioksaidi nyingi, akashikwa na hofu kuu ya kukosa pumzi. Hatari inayotoka ndani ya mwili ina njia nyingine.

Kwa nini maumivu yang'ang'anie wakati majina ya watu tuliokutana nao juzi yanapotea? Sehemu kubwa ya jibu iko katika homoni. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini, na ndani ya ubongo humwagika noradrenalini, ndugu yake, ambayo huiamuru amigdala iiambie hipokampasi kwamba hili lisiachwe. James McGaugh wa California aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kulionyesha hilo, kwanza kwa panya. Mwaka 1994 yeye na Larry Cahill waliwasimulia watu, kwa picha, kisa cha mtoto aliyegongwa na gari. Nusu yao walikuwa wamemeza propranolol, dawa ya presha na moyo inayozuia homoni hizo kufanya kazi. Wiki moja baadaye, waliomeza kidonge kisicho na dawa walikumbuka sehemu ya ajali kuliko sehemu nyingine za kisa. Waliomeza dawa hawakuipa sehemu hiyo nafasi ya pekee.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Bechara na Damasio walibuni mchezo ambao tangu mwaka 1994 umerudiwa duniani kote. Mchezaji anapewa dola 2,000 za bandia na mafungu manne ya karata. Kila karata ya mafungu mawili ya kwanza inalipa dola 100, na ya mengine mawili inalipa 50 tu. Lakini mafungu yale manono yana faini kubwa zilizojificha, kiasi kwamba anayeyang'ang'ania anapoteza dola 250 kwa kila karata kumi, ilhali anayetulia na yale mengine anapata faida ya kiasi hichohicho. Hakuna anayeambiwa hayo. Watu wenye afya huchota kwanza kwenye mafungu manono, wanaumia, kisha polepole wanahama. Jambo lililowashangaza watafiti ni jasho la viganja: baada ya karata kama kumi, mikono ilianza kutoa jasho kabla ya kugusa fungu baya, wakati mwenye mikono alisema bado haelewi chochote. Wagonjwa walioumia sehemu ya chini ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho, hawakutoa jasho hilo la tahadhari. Baadhi yao walifika hatua ya kueleza vizuri kabisa ni mafungu yapi yanafilisi, kisha wakaendelea kuyachota.

Damasio alihitimisha kwamba mwili unatangulia na akili inafuata. Alipingwa, na nadhani wapinzani wake walikuwa na hoja. Mwaka 2004 Tiago Maia na James McClelland waliurudia mchezo huo wakiuliza maswali ya kina zaidi, wakakuta kwamba watu wanajua mapema kuliko walivyodhaniwa. Hivyo hatuwezi kuapa kwamba kiganja kinajua kabla ya kichwa. Lakini pingamizi hilo haliwagusi wale wagonjwa waliojua na wasibadilike. Kwangu hao ndio kiini cha suala zima, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mtu akishajua madhara ataacha. Kampeni za afya na mahubiri mengi husimama juu ya dhana hiyo. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Taarifa ya madhara ni lazima iunganishwe na hisia ya madhara mahali fulani juu ya macho, la sivyo inabaki maneno tu.

Mshauri huyu, pamoja na nguvu zake, hutunza kumbukumbu zake kwa muhtasari wa ajabu. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaambia watu watumbukize mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walirudia hayohayo, kisha mkono ukabaki majini kwa sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15, yakiwa bado yanauma. Walipoulizwa warudie lipi, 22 kati ya 32 walichagua lile refu. Walichagua maumivu zaidi. Ubongo haujumlishi dakika. Unashika kilele cha maumivu na jinsi yalivyoisha, basi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilipeleka jambo hili hospitalini, kwa wagonjwa 682 waliofanyiwa kipimo cha utumbo mpana kwa mrija wenye kamera. Kwa nusu yao daktari aliuacha mrija ukiwa umetulia kwa muda mfupi kabla ya kuuchomoa, jambo lililorefusha kipimo lakini likalainisha mwisho wake. Hao walikikumbuka kipimo kuwa na maumivu madogo zaidi, na miaka iliyofuata waliorudi kupimwa tena walikuwa wengi kidogo kuliko wenzao.

Hapo ndipo suala hili linapoingia wodi zetu za wazazi. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza wanawake waliojifungulia vituoni kama walitendewa vibaya: kufokewa, kupuuzwa, kuachwa peke yao, kupigwa. Walipoulizwa wakati wa kutoka kituoni, karibu 1 kati ya 5 alisema ndiyo. Kundi dogo zaidi kati yao lilifuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, na waliosema ndiyo walipita 1 kati ya 4. Sehemu ya tofauti hiyo bila shaka ni woga wa kusema ukweli mlangoni mwa wauguzi walewale. Lakini hata kama tofauti yote ni hiyo, kinachosafiri hadi mimba ijayo ni kumbukumbu ya nyumbani, ile inayosimuliwa kwa dada na wifi. Mwanamke aliyeteseka kwa uchungu saa kumi na mbili akashikwa mkono mwishoni, na aliyeteseka saa nne akatukanwa mtoto anapotoka, hawatakumbuka saa. Wa pili akipata mimba tena na kusema atabaki kwa mkunga wa jadi, mganga wa kituo atamwita mbishi au asiye na elimu. Ubongo wake unafanya kazi yake kwa uaminifu: unamwepusha na mahali palipomuumiza. Linalouma ni kwamba mahali hapo ndipo penye damu ya kuongezwa na dawa ya kuzuia damu isimwagike. Heshima katika leba imezoeleka kuhesabiwa kama nyongeza ya hiari, adabu njema ya muuguzi mwenye moyo. Ushahidi wa kumbukumbu unaiweka karibu zaidi na dawa.

Viboko vya shuleni navyo ni vya ukoo huo. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001, na nchini Tanzania sheria bado inaviruhusu kwa masharti. Wanaovitetea husema maumivu yanafundisha, na ni kweli, yanafundisha. Swali ni yanafundisha nini. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling waliwapa panya maji matamu ambayo kila yakinywewa taa iliwaka na mlio kusikika. Panya waliopigwa shoti ya umeme baadaye waliogopa maji yenye taa na mlio. Waliougua tumbo waliukwepa utamu. Ubongo hauunganishi maumivu na jambo lolote analolitaka mwenye kuadhibu. Huyaunganisha na kile ambacho, kwa jinsi ulivyoundwa, kinaonekana kuwa chanzo chake. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea hesabu hajapewa njia yoyote ya kuunganisha fimbo na kosa la kugawanya. Anaiunganisha na mwalimu, na chumba, na kipindi cha hisabati. Uamuzi atakaoufanya kutokana na kumbukumbu hiyo ni kukaa kimya swali linapoulizwa, na miaka michache mbele, kulikimbia somo.

Kuna jambo jingine linalozidisha madhara ya maumivu ya aina hiyo: kutokuwa na namna ya kuyazuia. Steven Maier na Martin Seligman walijulikana kuanzia mwaka 1967 kwa majaribio yaliyoonyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuziepuka walikata tamaa, wakalala chini hata njia ya kutoka ilipofunguliwa. Walisema wanyama hao wamejifunza kwamba hawawezi. Takriban miaka 50 baadaye, mwaka 2016, watafiti haohao waliandika kwamba walikuwa wameielewa kinyume. Kunyong'onyea mbele ya maumivu marefu ndiyo hali ya mwanzo ya ubongo. Kinachojifunzwa ni uwezo: mnyama akigundua kwamba kitendo chake kinayakomesha maumivu, sehemu ya mbele ya ubongo inatuma amri ya kuuzima unyonge huo, na kinga hiyo hudumu hata kwa mateso yajayo. Panya wawili wanaweza kupata shoti zilezile kwa idadi na nguvu, mmoja akatoka akiwa na ujasiri na mwingine akiwa amevunjika, kwa sababu mmoja alikuwa na gurudumu la kuzizima.

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Wahenga waliiona tabia ya kumbukumbu hii kutanuka, na maabara zimeithibitisha: hofu ya mlio mmoja humwagikia milio inayofanana nao. Kosa la kushtukia ung'ongo ni rahisi kulipia, kosa la kukanyaga nyoka halilipiki, kwa hiyo ubongo huchagua la kwanza. Tarehe 7 Agosti 1998, katikati ya Nairobi, mlipuko mdogo ulitangulia bomu la ubalozi wa Marekani. Watu wa maofisi jirani walikimbilia madirishani kutazama, na wengi wakapofushwa na vioo sekunde chache baadaye. Hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuwaambia walale chini. Waliopona waliipata, na ikawatesa kila tairi lilipopasuka barabarani. Upande mwingine wa kutanuka huko ni kukimbia hatari moja na kuangukia nyingine. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakashika barabara, na Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu kama 1,500 zaidi walikufa kwa ajali za magari. Barabara iliwaua wengi kuliko waliokufa ndani ya ndege zile, ila haikuwa na picha ile moja inayong'ang'ania.

Je, ushauri wa zamani unaweza kufutwa? Tangu Ivan Pavlov inajulikana kwamba kengele ikilia mara nyingi bila kitu kufuata, mwitikio hufifia. Lakini haufi. Mark Bouton wa Vermont alionyesha kwamba panya aliyezoeshwa kutoogopa ndani ya kijumba kimoja huogopa tena akihamishiwa kingine. Hofu husafiri popote, usalama hushikamana na mahali ulipofundishwa. Mwaka 2000 Karim Nader, akiwa maabara ya Joseph LeDoux huko New York, alifungua mlango mwingine. Aliwakumbusha panya mlio uliowahi kuwaletea shoti, kisha akadunga ndani ya amigdala dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Kesho yake hofu ilikuwa imetoweka. Panya waliodungwa bila kukumbushwa walibaki na hofu yao. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ikiitwa hulegea kwa saa chache, na ni lazima ijengwe upya ili iendelee kuwapo. Kwa binadamu matokeo ya kuutumia mlango huo kwa dawa yamekuwa ya kupanda na kushuka.

Lililofanya kazi vizuri zaidi, na karibu nasi zaidi, halikuwa dawa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti wa chuo kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliwakuta manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Uchunguzi wao ulionyesha kwamba kadiri aina za mateso alizopitia mtu zilivyoongezeka, ndivyo ugonjwa wa kiwewe ulivyozidi kuwa wa hakika, mpaka kwa waliopitia mengi kabisa karibu hakuna aliyesalimika. Wanaosema kiwewe ni cha wenye roho dhaifu hawana pa kusimama. Watafiti hao, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, walitengeneza tiba ya kusimulia. Mgonjwa anatandika kamba sakafuni kuwa maisha yake tangu kuzaliwa, anaweka mawe kwa mabaya na maua kwa mema, kisha siku baada ya siku anasimulia yote kwa mpangilio, akikawia kwenye kila jiwe: nini kilinukia, moyo ulidunda vipi, ilikuwa wapi, mwezi gani. Nadharia yao inafuata tulichokiona kwa wagonjwa wa Iowa. Katika kiwewe, hofu ya amigdala inapiga kelele bila mahali wala tarehe, hivyo inasikika kana kwamba jambo linatokea sasa. Kusimulia kunairudishia anwani yake hipokampasini, na mtu anapata nafasi ya kuamua jambo la leo kwa hali ya leo.

Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa Nakivale. Miezi kadhaa baada ya tiba, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kiwewe, ikilinganishwa na asilimia 37 ya waliofuatiliwa bila tiba. Ushauri nasaha wa aina nyingine ulifikia asilimia 65, kwa hiyo si kamba na mawe pekee vilivyoponya. Lakini kati ya waliosimulia ni wachache sana walioacha katikati, ilhali kwenye kundi la ushauri mwingine walioacha walikuwa karibu 1 kati ya 5. Tangu hapo njia hiyo imejaribiwa hata mashariki mwa Kongo, kwa wapiganaji wa zamani. Washauri wa Nakivale hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wakimbizi kutoka makazi hayohayo, waliofundishwa kazi kwa wiki chache, na kila mgonjwa alikaa nao vikao sita.